Fahamu RAID: Mpangilio upi wa diski unafaa kwa seva ya nyumbani?

Picha za harusi, video za mtoto akianza kutembea, skani ya hati ya kiwanja, vyeti vya shule. Zamani vitu hivi vilikaa kwenye albamu au kwenye sanduku chini ya kitanda. Leo viko kwenye simu, na simu ikijaa vinahamishiwa kwenye kompyuta au kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB.

Shida ni kwamba diski hiyo ikifa, vyote vinaondoka nayo. Ndiyo maana baadhi ya watu huamua kuweka seva ndogo ya nyumbani: kompyuta ya zamani au kisanduku maalumu chenye diski mbili, nne au zaidi. Kinaunganishwa na ruta ya Wi-Fi, kinawaka saa 24, na kila simu ya ndani ya nyumba inahifadhi mafaili yake pale.

Hapo linakuja swali linalowachanganya wengi: diski zipangwe vipi ili moja ikifa, mafaili yabaki?

Jibu fupi ni hili. Kwa nyumba nyingi, diski mbili kwenye mpangilio wa RAID 1, pamoja na nakala nyingine iliyo nje ya seva, zinatosha. Tena ni salama kuliko diski nne za RAID 5 zisizo na nakala popote. Sababu zake ndizo hizi.

RAID ni nini?

RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama diski moja. Jina hilo lilitoka kwa watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani: David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliowasilisha andiko lao mwaka 1988.

Hoja yao ilikuwa ya pesa. Badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, nunua nyingi ndogo za bei nafuu uziunganishe. Lakini diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kuharibika nao unapanda. Kwa hiyo wakaeleza namna za kuweka taarifa za ziada ili diski moja ikifa, kazi iendelee. Walizipa namba 1 hadi 5. RAID 0 na RAID 6 zilikuja baadaye.

Na diski zinakufa kweli. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za wateja, imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu 2013. Kwa miaka ya karibuni, kati ya kila diski 100 zinazofanya kazi mwaka mzima, moja hadi mbili hivi huharibika. Ni chache, ila ikikuangukia wewe ni yako yote.

Aina kuu, kwa mfano wa diski za 4TB

Chukua mfano wa mtu mwenye diski nne, kila moja ya terabaiti 4. Jumla ni 16TB. Kila mpangilio unampa nafasi tofauti na usalama tofauti.

RAID 0. Mafaili yanakatwa vipande na kusambazwa kwenye diski zote. Anapata 16TB zote na kasi kubwa. Lakini diski moja ikifa, kila kitu kimekwenda, hata kilichokuwa kwenye diski nzima. Kwa picha za familia, hii iachwe kabisa.

RAID 1. Huu ni mpangilio wa kioo. Kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa pia kwenye ya pili, muda uleule. Diski mbili za 4TB zinampa 4TB za kutumia. Nusu ya nafasi inaliwa, lakini moja ikifa nyingine inaendelea kama kawaida.

RAID 5. Inahitaji diski tatu au zaidi. Hapa kuna hesabu ya ziada iitwayo pariti. Kwa lugha rahisi: ukiwa na namba 5, 3 na 7, ukaandika pembeni jumla yake 15, namba moja ikifutika unaweza kuipata kwa kutoa. Kompyuta haijumlishi hivyo hasa, lakini wazo ni lilelile. Diski nne zinampa 12TB, na moja inaweza kufa bila hasara.

RAID 6. Ni kama RAID 5, ila pariti ni mbili. Inaanzia diski nne. Mtu wetu anapata 8TB, na diski mbili zozote zinaweza kufa.

RAID 10. Ni vioo viwili vilivyounganishwa. Anapata 8TB pia. Diski moja ikifa hakuna tatizo. Ya pili ikifa, inategemea ni ipi: kati ya tatu zilizobaki, moja tu ndiyo ya kuogopa, pacha wa ile iliyokufa.

Kwa kuangalia nafasi peke yake, RAID 5 inaonekana ndiyo mshindi. Ndiyo maana wengi huikimbilia. Lakini nafasi siyo kipimo pekee.

Siku diski inapokufa

RAID isihukumiwe siku ya kuifunga. Ihukumiwe siku diski moja imekufa na nyingine imewekwa badala yake.

Diski mpya inakuja tupu. Seva inalazimika kuijaza upya, na kazi hiyo haiishi chap. Diski ya 8TB inayoandika kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji karibu saa 15 bila kupumzika. Na hapo ni kama hakuna mtu anayeitumia seva. Familia ikiendelea kuangalia sinema na kupandisha picha, kazi inaweza kuvuka siku moja.

Kwenye RAID 1, kazi ni nyepesi: soma diski moja, andika nyingine. Kwenye RAID 5, seva inazisoma diski zote zilizobaki, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili kupiga hesabu ya kilichopotea. Diski ambazo nazo zina umri uleule zinafanyishwa kazi nzito kuliko siku nyingine yoyote. Ikifa ya pili katikati ya kazi, habari imeisha.

Kuna jambo jingine. Watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwenye karatasi za vipimo kwamba inaweza kutokea sehemu moja isiyosomeka kwa kila biti trilioni 100 zinazosomwa. Hiyo ni sawa na 12.5TB. Sasa, kujenga upya RAID 5 ya diski nne za 4TB kunahitaji kusoma 12TB.

Haimaanishi kwamba lazima itashindikana. Kipimo hicho ni kikomo cha juu, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Lakini inaeleza kwa nini mafundi wengi huacha kupendekeza RAID 5 diski zinapokuwa kubwa, na kuhamia RAID 6. Pariti ya pili inaziba pengo hilo hasa wakati wa kujenga upya.

RAID siyo bakapu

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. RAID inalinda dhidi ya jambo moja tu: diski kufa. Mtoto akifuta folda la picha, RAID inafuta kwenye diski zote papo hapo. Kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili, kinayafunga pande zote. Mwizi akibeba kisanduku, anabeba diski zote nne.

Mwaka 1998, studio ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Amri moja ya kufuta ilitekelezwa kwenye seva na sehemu kubwa ya filamu ikaanza kutoweka. Walipokimbilia bakapu wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa mmoja wa viongozi wa filamu hiyo, Galyn Susman. Alikuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua, na alikuwa na nakala.

Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja ambao hawakuwa na nakala sehemu nyingine, na data zao hazikurudi.

Kama hayo yanazikuta kampuni zenye wataalamu, kisanduku cha chini ya televisheni hakina kinga ya pekee.

Kanuni inayotajwa sana ni 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. RAID yote, hata iwe na diski nane, inahesabiwa kuwa nakala moja.

Pesa ileile, mipango miwili

Sasa rudi kwa mtu mwenye pesa ya diski nne za 4TB. Ana picha na video za familia zinazojaza 2TB.

Mpango wa kwanza: diski zote nne ndani ya seva, RAID 5. Ana 12TB, nyingi zikiwa tupu. Anaweza kuvumilia diski moja kufa. Hawezi kuvumilia wizi, moto, kirusi wala kidole kilichobonyeza vibaya.

Mpango wa pili: diski mbili ndani ya seva, RAID 1. Ya tatu anaiweka kwenye kasha la USB na kunakili kila wiki, kisha anaichomoa. Ya nne inakaa kwa shangazi au ofisini, na kila baada ya mwezi mmoja au miwili inabadilishana na ile ya nyumbani. Ana 4TB tu, mara mbili ya anachohitaji. Lakini diski ikifa yuko salama, mtoto akifuta yuko salama, na nyumba ikiibiwa atakachopoteza ni picha za wiki chache.

Diski inayokwenda nje ya nyumba ifungwe kwa nywila, yaani data zake zisimbwe, ili ikipotea njiani asiyehusika asiweze kuisoma. Kuweka nakala mtandaoni nako kunafaa, ila 2TB za kupandisha kwa kifurushi cha simu si mchezo. Wenye intaneti ya fiba isiyo na kikomo ndio hasa watakaoiweza.

Umeme ukikatika

Kuna tatizo ambalo kwenye nyumba za Afrika Mashariki lina uzito wake. RAID 5 na RAID 6 zinaandika vitu viwili: data na pariti yake. Umeme ukikatika baada ya kimoja kuandikwa na kabla ya kingine, hesabu haziwiani tena. Unaweza usijue mpaka siku diski imekufa na seva inapiga hesabu kwa pariti isiyo sahihi.

Dawa ya kwanza ni UPS. Haihitaji kubeba seva saa nzima, dakika kumi zinatosha. Chagua yenye waya wa USB wa kuunganisha na seva, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Dawa ya pili ni programu iliyotengenezwa kukwepa tatizo hilo.

Programu ipi ya kutumia?

Kwa seva ya nyumbani hakuna haja ya kununua kadi maalumu ya RAID. Kadi ikiharibika, unaweza kulazimika kutafuta ya aina ileile ndipo diski zisomeke. RAID inayoendeshwa na programu inahamishika kwenye kompyuta nyingine kirahisi zaidi.

ZFS. Ilitengenezwa na kampuni ya Sun Microsystems na sasa inapatikana bure, ikiwemo ndani ya mfumo wa TrueNAS. Kila kipande cha data kina alama ya ukaguzi. Ikisoma picha na kukuta alama hailingani, inachukua nakala nzima kutoka diski ya pili na kurekebisha ile mbovu. Pia haina lile tatizo la pariti umeme unapokatika. RAID 5 yake inaitwa RAIDZ1, na RAID 6 yake RAIDZ2. Zamani huwezi kuongeza diski moja kwenye kundi la RAIDZ lililopo. Tangu toleo la OpenZFS 2.3 la Januari 2025, inawezekana.

SHR ya Synology. Hii ni kwa wanaonunua kisanduku kilicho tayari. Inafaa kwa wenye diski za ukubwa tofauti. Mtu mwenye mbili za 4TB na mbili za 8TB angepata 12TB kwa RAID 5 ya kawaida, kwa sababu kila diski ingehesabiwa kama ndogo kuliko zote. Kwa SHR ya kuvumilia diski moja anapata 16TB.

Unraid na SnapRAID. Hizi haziyakati mafaili vipande. Kila faili linakaa zima kwenye diski moja, na pariti inakaa kwenye diski yake. Hasara ikizidi uwezo wa pariti, unapoteza vilivyokuwa kwenye diski zilizokufa tu. Unraid inalipiwa, SnapRAID ni ya bure. SnapRAID hupiga hesabu kwa ratiba, kwa hiyo mafaili mapya hayana kinga mpaka hesabu inayofuata.

Btrfs. RAID 1 yake inatumika vizuri. Lakini RAID 5 na 6 zake, nyaraka za Btrfs zenyewe hazishauri kuzitumia kwa data muhimu.

Kabla ya kununua diski

Kwanza, angalia namna diski inavyoandika. Kuna diski za SMR, ambazo mistari ya data inalaliana kama vigae vya paa. Nafasi inaongezeka lakini kuandika mfululizo kunakuwa kwa pole sana, na kujenga upya RAID kunaweza kuchukua siku nyingi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za SMR bila kuelezwa wazi. Kwa RAID, tafuta iliyoandikwa CMR.

Pili, usinunue zote za siku moja, duka moja. Zilizotoka kiwandani pamoja zinaweza kuharibika kwa kufuatana. Changanya, hata kama ni za kampuni moja.

Tatu, diski za mtumba zipimwe kabla ya kulipa. Iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta na kufungua programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Inaonyesha diski imefanya kazi saa ngapi. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuwaka mfululizo. Angalia pia kama kuna sehemu zilizoanza kuharibika. Zikiwepo, muage tu.

Chagua kwa idadi ya diski

- Diski 1: hakuna RAID. Pesa inayofuata inunue diski ya bakapu.
- Diski 2: RAID 1. Hapa hakuna mjadala.
- Diski 3: mbili kwa RAID 1, ya tatu bakapu. RAID 5 iwe tu kama bakapu ipo tayari.
- Diski 4: RAID 10 kwa wanaotaka kasi na kujenga upya haraka. RAID 6 kwa wanaotaka kuvumilia diski mbili zozote.
- Diski 5 na kuendelea: RAID 6 au RAIDZ2.

RAID 5 bado ina nafasi yake: sinema na muziki vinavyoweza kupakuliwa tena, kwenye diski ndogo, nakala ikiwepo pembeni.

Ukishafunga, usiisahau

Seva yenye RAID inaweza kupoteza diski na isionyeshe dalili yoyote. Mafaili yanafunguka, sinema zinacheza, na mwenye nyumba hajui kwamba amebakiwa na diski moja. Kwa hiyo washa taarifa za barua pepe au za simu siku ya kwanza, kisha jaribu kama zinafika.

Weka ratiba ya ukaguzi wa diski zote mara moja kwa mwezi. Ukaguzi huo unasoma kila kitu na kugundua sehemu mbovu mapema, kabla hazijagunduliwa siku ya kujenga upya.

Kabla ya kuhamishia picha za kweli, fanya zoezi. Weka mafaili ya majaribio, zima seva, chomoa diski moja, iwashe tena. Angalia kama mafaili yapo na kama ujumbe wa tahadhari umeingia kwenye simu. Kisha irudishe na uangalie inavyojijenga upya.

Zoezi la mwisho ndilo ambalo wengi huliruka. Chukua diski ya bakapu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua picha kumi za miaka tofauti. Zikifunguka, una bakapu. Zisipofunguka, ni afadhali umejua leo wakati zile za kwenye seva bado zipo.